Kichwa cha Boflo

Robo kilo, nikamwambia Bakhamisi wa bucha,
isagwe mara mbili, kama nilivyotumwa.
Akanitazama, kisu mkononi:
"Leo Bi Mwanasiti yuko wapi?"
Nikamwonyesha kifundo cha mkono wangu,
nikakizungusha kidole, ishara ya plasta.
Aliteleza uani siku ya kufua,
sabuni, ndoo na yeye, vyote chini.

Miaka thelathini na mmoja nimehesabu magunia Kilindini,
kisha makontena, kalamu sikioni,
wala hesabu ya meli haikunipotea hata moja.
Lakini thomu ni punje ngapi, sijui.
"Tatu," asema kutoka kitini,
mkono kautundika shingoni kwa mtandio wa zambarau.
"Tatu kubwa. Hizo zako ni za paka."

Kitunguu chanitoa machozi
naye acheka, mara ya kwanza tangu Jumanne.
"Ngoja rangi."
Rangi gani?
"Rangi ya ule mlango wa kina Shekuwe
kabla hawajaupaka upya."
Na ajabu, naikumbuka barabara.

Kima chaingia, chashika mabonge
kama watu waliosikia habari mbaya.
"Kivunje! Kwa mgongo wa mwiko!
Si simiti hiyo, Msellemu."
Nakivunja. Chatoa maji, chachemka kijivu,
nadhani nimekwisha kukiharibu.
"Kiache. Nyama hulia kwanza.
Machozi yakikauka, ndipo inukie."

Ikanukia.
Bizari, jira, mdalasini wa kuibia tu,
tungule mbili zilizoiva hadi kuona haya,
na kiazi kimoja, nikikate vidogo vidogo kama dadu.
Kiazi cha nini tena?
Akanyamaza. Jirani alikuwa akipiga msasa kitu,
akaacha, akaanza tena.
"Kiazi ndicho kilichokulea wanao.
Ulikuwa ukileta robo, nasi tu saba."

Saba.
Nilisimama na mwiko hewani, mafuta yakidondoka sakafuni.
Mimi niliyejua meli ipi imepungukiwa gunia lipi
sikuwahi kuigawa robo kwa vinywa saba.
Niliketi, nikaletewa sahani,
nikasema alhamdulillahi, nikaomba ndimu.

Seredani iko mlangoni, makaa yameshika.
Boflo ni la jana; la leo, asema,
likinywa mchuzi hulegea likakuaibisha mbele za watu.
Vipande vinne juu ya wavu,
kimoja kikaungua nikitafuta kotmiri,
nikakikwangua kwa kisu, kwaru kwaru,
unga mweusi ukaniingia kwenye kucha.
Hakusema kitu. Nilimwona akijizuia.

Na kile kichwa cha boflo, gumba, gumu,
kikabaki peke yake kwenye karatasi.
Miaka yote hicho kilikuwa chake.
"Mimi napenda kichwa," atasema,
akikipangusia chini ya sufuria,
nasi tukaamini, kwani kuamini kulikuwa rahisi.

Leo nikampa cha katikati, kinene,
kima kimerundikwa hadi kinamwagika pembeni.
Mimi nikachukua kichwa, nikaketi
kama mtu aliyetoka kulipa deni.

Akatazama sahani yake. Akatazama yangu.
"We Msellemu, mbona wanilia kichwa changu?"
Nilidhani...
"Ulidhani nini? Lete hapa."
Akanyosha mkono wa kushoto, ule mzima,
akanipokonya, akakizungusha sufuriani
paliposhika moto,
akakitafuna, macho ameyafumba,
na sauti ya ukoko ikajaa chumba kizima.

Mpaka sasa sijui.
Nimeirudia hesabu hii mara tatu, haitoki.

"Chumvi imezidi," akasema,
na mkono ukarudi sufuriani.