Penseli ya Bwana Tunnicliffe

Mji huu hugeuza kikombe kabla ya kunywa,
husoma muhuri wa kitakoni:
kimefinyangwa hapa Burslem, au kimekuja na meli?
Wanakiamini kitako kuliko mdomo wa muuzaji.

Leo tumemzika Bwana Tunnicliffe. Januari,
udongo umeganda, wachimbaji wametumia sururu.
Sasa tuko ukumbini, nyuma ya kanisa la Wamethodisti:
nyama baridi, chapati za shayiri, jibini,
birika la umeme linahema kama mwenye pumu.
Nami niliyemwogesha miaka minne
nimepewa kitambaa nikaushe vikombe.

Lorna, bintiye, ndiye aliyeanza.
"Waliopiga kura ile wanakufa. Tunawazika mmoja mmoja.
Waulizwe upya walio hai."
Clive akaiweka sahani chini, polepole,
kama mtu anayeweka silaha ili achague nyingine.
"Baba hajapoa kaburini,
na wewe umeshaanza kumpokonya kura."

Hapo ukumbi ukapasuka.
Mwashi mstaafu: walioshindwa hawajui kushindwa.
Mwalimu wa hesabu: hamsini na mbili si mia.
Mtu akasema bunge, akalitema kama kokwa.
Kuheshimu, walisema wote. Kuheshimu matokeo,
kuheshimu vijana, kuheshimu wafu.
Neno likapita meza hadi meza, likichakaa,
mpaka likawa noti kuukuu
ambayo kila mmoja anamsukumia mwenzake.

Mchungaji alitaka tuimbe. Hakuna aliyeimba.

Agnieszka, tuliyekuwa tukipokezana zamu za usiku,
miaka kumi na mmoja hapa, hakuulizwa kitu siku ile.
Mimi niliulizwa,
kwa kuwa bendera yao iliwahi kupepea Tanga.
Wanaopaza sauti hawalijui hilo.
Wananiletea vikombe.

Nakumbuka Juni, mvua, kiti cha magurudumu,
ukumbi huuhuu. Mikono yake iliyopaka dhahabu
ukingoni mwa sahani za harusi za watu asiowajua
ilikuwa inatetemeka hata kijiko kikimkimbia.
Macho yalishakuwa maziwa.
Karani akanisainisha fomu, msaidizi wa mpiga kura,
tukajibana kibandani wawili,
penseli imefungwa kamba kama mbuzi.
Akaninong'oneza.
Neno lile, nilivyolisikia, lilikuwa na mlango ndani yake
na mimi nilikuwa upande wa baridi.

Visanduku viwili, kati yake upana wa kidole gumba.
Asingeona. Angejua Mungu, na ile kamba.
Nikauweka mkono wake juu ya wangu,
nikapiga alama pale alipotaka.
"Umeweka?"
"Nimeweka."
"Mtoto mwema," akasema. Nilikuwa na miaka hamsini na mmoja.

Kisha nikarudi peke yangu na karatasi yangu
nikaijaza kule kwingine.
Mkono mmoja, alama mbili, zikauana.
Tulilowa bure, mzee wangu. Jumla yetu sifuri.

"Nani alimpeleka?" Lorna amenigeukia,
macho mekundu. "Ni wewe?
Alijua anachokitia alama?"
Birika tu ndilo linaloendelea kusema.
Nina kikombe mkononi. Nakigeuza.
Muhuri umefutika nusu, imebaki taji na herufi tatu.

"Alijua," nasema.

Clive anatabasamu kama aliyefunga goli,
na tabasamu hilo, wallahi, ningelikausha kwa kitambaa hiki.
Sikuitunza ile amana kwa ajili yako, Clive.

Nangoja mtu aulize: na wewe je?
Lorna anakipokea kikombe, vidole vyake baridi,
vina mtetemo mdogo ninaoujua.
Anauliza kama maziwa bado yapo.