Nundu Bila Ng'ombe

Tuta lile tuliliomba wenyewe.
Sahihi yangu ni ya tatu, chini ya Nyevu muuza viazi,
baada ya Kitsao, mtoto wa jirani, kuvunjwa nyonga
akivuka barabara ya Mombasa
na chupa ya mafuta ya taa mkononi.
Diwani akaja, akapiga picha,
lami ikamwagwa mbele ya dirisha langu hasa:
nundu nyeusi bila ng'ombe.
Na kweli, tangu siku hiyo hakuna mtoto aliyegongwa.
Nalisema hili mwanzo
nisije nikaonekana mtovu wa shukrani.

Ila lori halipandi tuta kimya.
Hulijia kwa breki, pumzi ndefu ya mtu aliyeudhiwa,
hupanda, mabati yakapigana makofi,
hushuka, minyororo ikamwagika kama vijiko sakafuni,
kisha gia, kisha ngurumo, kisha kimya kifupi
ambacho si kimya,
ni zamu ya anayefuata.

Saa nane usiku hupita chumvi ya Gongoni.
Saa tisa, kokoto.
Saa kumi ni bodaboda za vijana
wasiotaka mtu asijue kwamba wamerudi.
Nilianza kuyahesabu ili nilale,
kwa tasbihi ya marehemu bibi,
punje moja, lori moja,
hadi nikaona haya, nikairudisha sandukuni.

Daktari aliniuliza nala chumvi kiasi gani.
"Chumvi?" nikamwambia. "Hupita kila usiku, saa nane."
Hakucheka.
Aliandika presha, akaandika vidonge,
na kuhusu masikio hakuuliza neno.

Jumanne Somoe aliangusha kifuniko cha sufuria.
Sikumpiga. Afadhali ningempiga,
kofi huisha.
Nilimtazama.
Akakiokota kama anayeokota yai,
na tangu hapo mwanangu hufunga milango
kwa mikono miwili.

Kisha mama, kwa simu, kutoka Lamu:
"Mbona wanipigia makelele, mwanangu?
Nimekutendani?"
Nilikuwa namuuliza kama amekula.

Nikaenda kwake siku nne.
Langoni usiku: punda anajikuna ukutani,
tone la maji linaanguka birikani, linafikiri,
linaanguka jingine.
Nikasema, leo. Leo nitalala hadi nioze.
Saa nane kamili mwili ukaamka wenyewe,
meno yameumana, mabega yamepanda masikioni,
ukingoja chumvi.

Chumvi haikuja.
Ndipo nilipolia.
Kumbe kelele haiko tena barabarani,
imehamia kwangu na godoro lake,
na kodi nalipa mimi.

Mama alikuja na kurunzi, asiulize kitu.
Alinilaza ubavu, akaniziba sikio kwa kiganja,
kama zamani nilipoumwa na sikio,
na mle kiganjani nikasikia mvumo, nikashtuka.
"Ni damu yako," alisema. "Yapita tu.
Iwate ipite."
Sijui nililala saa ngapi.
Najua niliamka jua likiwa limefika mguuni.

Nimerudi Malindi. Kitanda nimekihamishia
chumba cha nyuma, kati ya magunia ya makaa
na baiskeli isiyo na gurudumu.
Chumvi huifikia ikiwa imechoka kidogo.
Somoe nimemwambia aangushe vifuniko apendavyo;
bado hajaangusha hata kimoja.

Jana adhuhuri nilimwona Kitsao
anavuka, mguu mmoja unauvuta mwingine,
mkono ameunyoosha juu kama askari wa barabarani.
Lori likalijia tuta. Breki. Ile pumzi.
Mabati, minyororo, vyote,
na dereva akangoja
hadi mtoto akafika ng'ambo na mkate wake.

Nilikuwa dirishani.
Nilisema alhamdulillahi, kwa sauti,
vidole vyangu viwili
vikiwa bado masikioni.