Kitako

Mtutu wameuziba kwa risasi ya kuyeyusha, kituoni Chumbageni.
Afande akagonga muhuri, akacheka:
"Haya Mbelwa, nenda kafukuze kunguru."
Kunguru wenyewe hawakuiogopa.

Niliipata mnadani Pongwe, kwenye lundo la mali chakavu:
vitanda vya kambi, kofia za chuma, debe la vifungo.
Mbao imeoza pembeni, komeo limeshikana
kama meno ya mwenye pepopunda.
Elfu themanini. Pesa ya kozi ya udereva.

Mama hakusema neno. Alikanyaga cherehani
kwa kasi ambayo sisi wa nyumba hii tunaijua.

Nikaanza. Mafuta ya taa, brashi ya waya, majivu,
jioni baada ya jioni, uani, Barabara ya Kumi na Tano,
kutu ikishuka beseni kama chai ya rangi.
Chini yake, tarakimu za Mdachi na taji lililofutika nusu.
Singano akataka tuipake dhahabu,
tuifunge darubini, mkanda wa madoa ya chui, tupige picha.
Nami nilitaka. Nina miaka kumi na tisa, nisiseme uongo.

Nikachonga kitako kipya, mninga wa Handeni.
Nikakijaribu begani, kikanikaa.
Cha zamani nikakitupa kwenye kuni.

Ila kuni huzichomi bila kuzigonga; nge hulala humo.
Nikagonga. Kibati cha kisigino kikafunguka,
likadondoka donge la nta, limechomekwa sindano
yenye uzi wa kaki.
Kisha kidole kikaona kabla ya jicho:
mikato ya kisu, ubavuni, midogo.
Kumi na mitatu.

"Watu aliowaua," Singano akanong'ona, akirudi nyuma.

Mama akaacha cherehani.
Akaiinua sindano mwangani, akafumba jicho moja.
"Au miezi bila mshahara," akasema.
"Au homa. Au watoto.
Anayejishonea nguo mwenyewe huhesabu mengi."

Kile cha mninga kipo ukutani, kinang'aa, hakijui kitu.
Nimerudisha cha zamani. Ufa nimeuziba kwa gundi na vumbi la mbao,
msasa nimeupitisha kote,
lakini pale kwenye mikato nimepita na kitambaa tu,
kama umfutavyo mgonjwa uso.

Na sindano? Mama ameitilia kiraka suruali yangu, gotini.
Uzi wa kaki haukutosha.
Akamalizia mweusi.