Mwashi na Kitana

Mke wangu Arpenik aliondoka Oktoba
kwenda Krasnodar, kupika kwenye kantini ya kiwanda,
akaniachia funguo, deni la gesi
na nywele za Nazeli.

Funguo nazijua. Deni nalijua.
Nywele zile zilifika kiunoni,
na mimi ni mwashi: maisha yangu yote
nimeshika mawe meusi ya Gyumri,
kitu kisicholia ukikivuta.

Novemba jiko la kuni likaanza kunguruma.
Nje baridi ya kukata masikio; ndani joto kavu,
hewa imekamuliwa kama tambara.
Nywele za mwanangu zikawa nyasi za kiangazi,
zikang'ang'ania sweta, zikatoa cheche gizani,
zikakatika juu ya mto, vipande vifupi vifupi
nilivyookota asubuhi kama mtu anayeficha ushahidi.

Nikamwaga mafuta ya alizeti. Kikombe kizima.
Kikavu hutiwa mafuta, nilijisemea, basi.
Akaenda shule ananukia viazi vya kukaanga,
akarudi na kofia, hakuivua mpaka kulala.

Simu, saa nne usiku. Arpenik, macho mekundu kwa mvuke:
"Mafuta hayaleti maji, Hamazasp. Mafuta hufunga mlango tu.
Wewe umefunga mlango, na ndani hamna mtu."

Nilinyamaza. Kisha nikaelewa,
nikaelewa kwa mikono, si kwa masikio:
jiwe kavu halishiki chokaa. Huloweshwa kwanza.
Jiwe lenye kiu hunyonya maji yote ya chokaa
na ukuta husimama kwa mazoea tu.
Na plasta ikikaushwa karibu na moto,
nani asiyejua? Hupasuka.
Na mwanangu, kila jioni, mgongo wake jikoni.

Basi Jumamosi.
Maji ya bomba letu huacha gaga jeupe birikani,
kwa hiyo nikayeyusha theluji ya uani, ile ya juu, safi,
ndoo tatu kupata moja.
Maziwa ya mgando nikaomba kwa Bi Varsenik wa chini.
Akauliza ya nini. Nikasema ya supu.
Akatazama kitana mfukoni mwangu, akaongeza kijiko.
Kiini cha yai. Maji ya vuguvugu, si ya moto,
la sivyo yai huiva kichwani
(hilo nililijua kwa kulifanya).
Nusu saa, mfuko wa nailoni kichwani, Nazeli na hesabu zake;
tone jeupe likaangukia saba mara nane.

Taulo sikuligusa. Nilizikamua taratibu
kwa fulana yangu kuukuu ya pamba.
Kisha matone matano, niliyahesabu kwa sauti,
ya mafuta ya kokwa za aprikoti,
nikayapikicha viganjani mpaka yakapata joto,
nikapaka nchani tu, nywele zingali mbichi.
Kitana cha meno mapana. Anzia chini.
Fundo ukilivamia kutoka juu unalizalia ndugu.
Shika juu ya fundo kwa mkono wa pili,
ili maumivu yafike kwako kabla ya kumfikia yeye.

Hakulia. Alisema tu, "Hapa Mama huimba."
Mimi siimbi. Nikamtajia nyundo zangu,
moja baada ya nyingine, na kazi ya kila moja,
mpaka tukafika shingoni.

Sikuona miujiza. Ncha zilizochanika haziungani;
nilizikata kwa mkasi wa karatasi, upana wa kidole,
mstari ukapinda, mimi ambaye timazi yangu
haijapata kuniaibisha.
Lakini Jumamosi ya sita nilipozisuka
zilipita vidoleni bila kunung'unika.

Jana naosha kikombe, akanishika mkono.
Kinyozi hajinyoi: chokaa, baridi,
nyufa za kupitisha uzi.
"Lowesha kwanza," akasema.
Kisha akahesabu kwa sauti ya mama yake,
moja, mbili,
na alipofika tano akasita,
akaitazama mikono yote miwili,
akaongeza la sita.