Mlio wa Pili

Julai, Moshi. Ukungu umekaa mabegani mwa mlima.
Nalamba midomo; tarumbeta ni baridi
kama maji ya Karanga alfajiri.

Mlio wa kwanza ni wa kulala.
Shada, sime, upinde vimeshalazwa.
Wakubwa wameinamisha vichwa,
Mama Ndeshukurwa wa Kibosho hainamishi chake.
Kihambani kwake kuna kaburi lisilo na mtu:
masale manne, na kiatu cha Elinami
kilichorudi kutoka Kagera bila mwenzake.

Kimya. Mtoto wa mtu anakohoa.

Mlio wa pili ni wa kuamka.
Hapo ndipo anasimama, anakung'uta kanga,
anageuka kutazama lango.

Bendi nzima inajua naharibu noti ya mwisho.
Naivuta, naivuta,
nisije nikaimaliza
kabla hajafika.