Nne kwa Kumi

Mwezi wa pili, Dakota Kaskazini, baridi ya kukata masikio,
tulikaa watano nyuma ya meza ndefu
katika chumba cha wakuu wa chuo, joto limepita kiasi,
tukigawa ufadhili wa viongozi wa kesho.
Ndivyo karatasi ilivyosema: viongozi wa kesho.
Mimi nilikuwa mwakilishi wa mji,
karani mstaafu wa ghala la ngano,
niliyeitwa, nadhani, kwa sababu nina suti.

Walipita asubuhi nzima, watoto wa watu,
huyu mwenyekiti wa mdahalo, yule mwasisi wa mashirika matatu
na umri wake miaka kumi na saba.
Walitupa mkono kwa nguvu, kama waliofundwa na mtu mmoja.
Walisema "dira". Walisema "kuleta mabadiliko".
Profesa Haldorsen aliitikia kwa kichwa hadi shingo ikamuuma.

Kisha akaingia Corliss Tveit,
kutoka kule kwenye mashamba ya viazisukari,
buti zake zikiacha vidimbwi vya theluji kwenye zulia.
Kwenye fomu, kisanduku cha nyadhifa za uongozi
alikiacha kitupu,
isipokuwa mstari mmoja wa penseli:
zamu ya usiku, msimu wa mavuno.

"Tueleze," akasema Bi Azure.

Akatazama vidimbwi vyake.
"Malori huleta viazi usiku kucha.
Dereva hamwoni mtu, anaona tochi.
Mimi nilikuwa na tochi.
Huyu nenda, huyu ngoja, huyu rudi nyuma kidogo.
Ukichoka, unasimama tu.
Ukisinzia, mtu anakanyagwa."
Kimya.
"Hakukanyagwa mtu," akaongeza, kama anayeomba radhi.

Nami nikaandika nne.
Nne kwa kumi, kwa mkono wangu huu,
kwa kuwa alitafuna kucha,
kwa kuwa hakutuuliza swali lolote mwishoni,
kwa kuwa, niseme ukweli, kwa umri huu nafiche nini,
alizungumza kama watu wa kwetu,
nami nilikuwa nimekuja kutafuta watu wa kwingine.

Aliingia kwa mlango wa akiba:
yule wa mashirika matatu alipata chuo kikubwa zaidi,
akatuandikia barua ya shukrani ndefu kuliko haja.

Sikumfuatilia. Miaka minne nilisikia vipande vipande.
Kwamba kambini, walipofungwa vitambaa machoni
wavuke kamba kwa kuaminiana,
alikaa chini na kijana mmoja aliyetetemeka, hakuvuka.
Kwamba aligombea uspika wa wanafunzi, akashindwa vibaya.
Kwamba usiku ule umeme ulipokatika bweni la Lindgren,
nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
alisimama kwenye ngazi akahesabu watu, ghorofa kwa ghorofa,
akahesabu tena,
akakuta amepungua mmoja, akarudi juu.
Hilo la mwisho halikuandikwa popote. Aliniambia mpishi.

Mwaka huu wamemwita mezani.
Amekaa kushotoni kwangu, kucha bado fupi.
Hajui nilimpa ngapi. Au anajua;
kabati la mafaili halina kufuli.

Kijana wa saa tano na nusu ana kisanduku kitupu.
Anaitwa Delbert Laframboise. Anatazama mikono yake.
Haldorsen anageuza ukurasa, anatafuta chochote cha kumsaidia.
Corliss anainama mbele, anauliza polepole:
"Siku usiporudi nyumbani, nani analala njaa?"

Kijana anainua uso.
Anaanza kuhesabu kwa vidole,
mkono wa kwanza unaisha, anahamia wa pili.

Penseli yangu ina kifutio.
Nilikuwa nimeshaandika tarakimu.