Sahani ya Verdell

Chini ya sahani ya kioo, kwenye kipande cha plasta
kilichogeuka njano kwa kuoshwa,
pameandikwa kwa wino: VERDELL T.

Imekaa kabatini mwangu tangu Machi.
Ilikuja na pai, mikononi mwa mzee Thigpen wa nyumba ya pili,
siku ya tatu tangu tuhamie mtaa huu wa Albany, Georgia,
masanduku yamefungwa, vijiko havijulikani viliko.
Alisema maneno mengi. Nilishika mawili:
karibuni, na sahani.
Tuliila kwa mikono, tumekaa sakafuni.
Mume wangu akasema, tamu mno, na akaongeza.

Kwetu Pangani sahani ya jirani hairudi tupu.
Utaweka kitu, hata ndimu tatu.
Mama alikuwa akisema sahani tupu ina mdomo,
itakusema njia nzima.
Hii yangu imenisema miezi minane.

Nilifikiria kaimati. Nilifikiria sambusa.
Lakini mpekani wa mzee umevuka ua,
tawi zima liko upande wetu,
na usiku wa upepo zinaanguka juu ya bati la gereji
kama mtu anayehesabu sarafu bila haraka.
Mundhir ameokota ndoo mbili.
"Ni zake," nikamwambia. "Ziko kwetu," akanijibu,
mwanasheria wa miaka saba.

Kubangua kulikula jioni tatu.
Koleo la fundi, gazeti la matangazo sakafuni.
Ukibana sana unapata chenga; ukibana kidogo, ganda linakucheka.
Kati ya nusu mbili kuna ukuta mwembamba,
mchungu kama shubiri. Huo utoe kwa pini.
Mundhir anasema hazitamkwi hivyo, mama;
mwalimu anazitaja vingine, mpishi wa shule vingine,
mji mzima haujakubaliana.
Mimi naziita pekani, na zinaitika.

Unga, chumvi, siagi ya baridi, maji ya barafu.
Vidole vyangu vya chapati vinataka kukanda.
Havitakiwi.
Siagi ibaki vipande, vidogo kama kunde,
na mkono utoke mapema, kama mgeni mwenye adabu.

Kisha mayai matatu, sukari ya kahawia,
vanila, na shira ya mahindi kutoka kwenye chupa,
chupa ileile yenye maelezo mgongoni,
maana sikuwa na mwalimu mwingine.
Nikamimina. Pekani zikapanda zenyewe,
moja moja, kutafuta hewa.

Dakika hamsini na tano.
Chupa inasema katikati patikisike kidogo.
Kidogo ni kiasi gani?
Nilipofungua oveni palitikisika kama shavu
la mtu anayezuia kicheko. Nikatoa.
Ukingo mmoja ulikuwa umeungua.

Asubuhi, nyasi zikiwa nyeupe kwa baridi, nikabisha hodi.
Mzee hakuitazama pai.
Aliinua sahani juu ya kichwa chake, pai na yote,
akasoma chini.
Akasoma kwa muda mrefu kuliko herufi zilizopo.

"Ile ya Machi aliioka mwenyewe," alisema, na safari hii nilishika yote.
"Ilibaki kwenye friza. Kuila siwezi, kuitupa siwezi.
Ndipo mkaja nyinyi."

Nikakumbuka sakafu, vidole vyetu, tamu mno.

Alikata upande ulioungua. Akatafuna.
Akauliza nimefundishwa na nani.
Nikamwambia ukweli: chupa.
Akacheka mpaka akashika meza.
Miaka arobaini Verdell alimwambia ni siri ya bibi yake;
alipopanga droo zake, baada ya mazishi,
alikuta lebo ileile, imekatwa kwa mkasi, imekunjwa mara nne.
"Kanisani usiseme," alisema.
Sitasema.

Akakata kipande cha pili. Sahani ikabaki kwake.
Nilirudi kwenye nyasi mikono mitupu,
na hapakuwa na cha kunisema.